Magongo ya Baba

Siku ya tano ya juma, mangaribi

Kama baba hangekufa, leo angenichapa.

Tangu vita ifunge njia, dawa ya sukari ya mama inapatikana tu ku farmasi ya hospitali, na bantu banapanga mustari tangu asubui. Nilichelewa. Nikaweka gari mu parkingi ya balemavu na bazee, nikaacha magongo ya baba ndani, ku kioo ya mbele, vile ninafanyaka. Sentineli, mulinzi wa pale, ananiachaka kwa sababu ya ile magongo.

Nikiwa mu mustari, muzee wa muguu mumoja akafika na gari yake. Nafasi hakuna. Sentineli akataka kuniita, lakini muzee alikuwa ameona magongo.

"Acha, papa," akaambia sentineli. "Mwenye ile gari iko mugonjwa kama miye."

Akaenda kuacha gari mbali, barabarani, akarudi polepole. Ningeweza kutoka. Sikutoka.

Nilipata dawa. Yeye alifika wakati banafunga dirisha ya farmasi.

Tulikutana ku gari yangu. Akaangalia magongo, akaangalia miguu yangu.

"Ni ya nani, mwanangu?"

"Ya baba. Iko ananingojea ku nyumba."

"Basi umusalimie sana."