Mafungu Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Washiriki wanne leo. Picha arobaini mezani, zimechanganywa, zote za wanaume. Maelekezo mafupi: zipange, kila mtu na fungu lake. Karani wa benki kapanga mafungu tisa. Aliyemfuata, kumi na moja! Na wanaume wenyewe ni wawili tu — shemeji yake Profesa, na mchumba wangu, Futi Sita. Akinyoa ndevu wanamwona mtu mwingine, akivaa miwani mwingine, akicheka ndiyo kabisa. Utafiti wangu wote ndio huo: mtu humjui kwa picha moja. Mpaka umwone ameshiba, amenuna, amechoka, amenyolewa vibaya.

Profesa anasema nikipata washiriki kumi zaidi nianze kuandika sura ya nne. Sura ya nne ya sura! Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Futi Sita kapiga simu kutoka porini, anapima viwanja vya watu. Anataka kuja kujitambulisha kwa Mama kabla mwezi haujaisha. Nikasema tusubiri. Akauliza tusubiri nini, mvua? Ana haki. Mwaka wa pili huu namficha kama ugonjwa.

Lakini Mama alishasema, tena mbele ya shangazi: binti yake hataenda kulea mtoto wa mwanamke mwingine. Na Futi Sita ana Kidoti wake, miaka sita, alama nyeusi shavuni, maswali hayaishi. Nampenda yule mtoto. Nampenda baba yake. Namwogopa Mama. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kanijia juu wakati wa chai. Miaka mitatu anasikia sura, sura, sura, hajaona hata pua! Anataka naye afanyiwe jaribio. Nikamwambia ndugu hafai. Akanuna, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kisha nikawaza. Kwani kati ya wale wawili anamjua nani? Hakuna. Basi na amtazame Futi Sita vizuri, bila kujua ni nani, nami nimtazame yeye. Nione anachukia au anapenda. Ujanja huu nimeurithi kwake mwenyewe. Nimempangia Jumanne asubuhi.

Jumapili, 9 Machi

Mama kanunua viatu vya kwendea maabara. Nikamwambia atakaa tu kitini. Kasema hata aliyekaa ana miguu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika hapa hapa maabara. Mama yuko mbele yangu, anadhani najaza matokeo.

Kaja na viatu vyake. Kamsalimia Profesa kama anayekagua madaftari. Ualimu haukumtoka hata baada ya kustaafu. Kaketi, kavaa miwani, nikampa picha. Ya kwanza kaitazama. Ya pili kaitazama. Halafu mikono ikaanza kwenda, huku, kule, huku, kule, kama anagawa karata. Akamaliza kabla sijavuta kiti.

Mafungu mawili!

Hakuna mgeni aliyewahi kupata mawili. Hata mmoja. Anayepata mawili ni anayemjua mtu.

Kanuni inanitaka niulize mwishoni: kuna unayemfahamu? Nikauliza. Mama akagusa fungu la shemeji yake Profesa, akasema huyu hamjui. Akagusa la Futi Sita.

"Huyu baba yake Kidoti."

Maktaba! Mama huwasomea watoto hadithi kule kila Jumamosi. Na Futi Sita Jumamosi hapatikani, huniambia kampeleka mtoto kusoma. Sikuuliza wapi. Mtafiti mzima! Mama anasema Kidoti hakubali kukaa ila ubavuni kwake, na Jumamosi ile alipougua, yeye Mama hakuona raha wiki nzima. Baba mtu huja kumchukua, leo ana ndevu, kesho hana, siku nyingine matope hadi magotini.

Kisha akasema, taratibu, kama anasoma imla: "Na mtoto kaniambia baba yake ana mchumba, anasomea nyuso za watu. Nikajiuliza, mwanangu. Mji huu wanaosomea nyuso mko wangapi?"

Njia ya mwongo fupi kweli. Nimemjibu kwamba mtafiti haruhusiwi kujibu maswali mpaka jaribio liishe. Kasema sawa, hana haraka.

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Fungu la shemeji yake Profesa kalisukuma pembeni. Fungu la pili kalivuta karibu, anazitazama picha moja moja, na ile ya kucheka kairudia. Kakaza midomo. Hasira? Kicheko? Namjua mwanamke huyu tangu nizaliwe, na uso huu sijawahi kuuona.

Anauliza jaribio linaisha saa ngapi.