Nusu Yangu, Nusu Yako

Lodwar, Jumatatu jioni. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeficha hata milima. Kuku wameingia kulala mapema.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: nina virusi vya UKIMWI. Nilizaliwa navyo. Kila jioni nameza kidonge kimoja, na chupa naificha ndani ya soksi ili vidonge visipige kelele. Mama anajua, na muuguzi anajua. Sasa na wewe unayesoma.

Jumamosi nilikuwa Kakuma, kwenye mkutano wa chama cha wagonjwa, wenyeji pamoja na wakimbizi wa kambini. Sikualikwa kama mgonjwa. Mwalimu wangu alinipendekeza niwe mkalimani, kwa kuwa nasoma sana na Kiturkana changu ni kizuri. Nilifurahi. Mkalimani hukaa mbele ya watu wote na hakuna anayemwangalia.

Wakili kutoka Nairobi, mama mmoja mpole, alieleza mambo ya hataza. Kampuni ikibuni dawa, hupewa haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze kwa miaka mingi. Ikikubali kutoa leseni, viwanda vingine hutengeneza dawa ileile na bei hushuka. Vidonge tunavyomeza leo ni vya bei nafuu kwa sababu wagonjwa waliotutangulia walipigania leseni hizo. Lakini dawa inayofuata, ya mtu ambaye hivi havimsaidii tena, haina leseni. Kampuni ni moja, bei ni yake, na sasa imeibadilisha kidogo tu ili iombe hataza nyingine. Chama kinataka kupinga ombi hilo. Wakili alikuja kukusanya ushuhuda.

Nilitafsiri kwa sauti ya chini, kama kawaida yangu.

“Wewe mtoto wa vitabu, paza sauti,” akaniambia Mama Akiru, mfugaji wa upande wa Kalobeyei. “Au maneno yako nayo yana kampuni?”

Watu wakacheka. Hata mimi.

Kisha yeye mwenyewe akasimama kutoa ushuhuda. Alisema kwamba tangu kliniki ianze kutoa dawa kidogo kidogo, wamejipanga wenyewe.

“Kwetu mtu hali huku mwenzake anamtazama. Dawa ikipungua, tunagawana. Nusu yangu, nusu yako. Mtoto tu ndiye hupewa kidonge kizima. Mwambie aandike hilo, ajue tuna umoja.”

Wazee waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wanajivunia.

Mimi nimesoma kuhusu jambo hili. Mtu akimeza nusu, virusi havizimwi, vinaizoea dawa. Siku dawa inaporudi kamili, haifanyi kazi tena.

Nikatafsiri, neno kwa neno. Wakili akaacha kuandika. Akauliza taratibu ni akina nani wengine wanaofanya hivyo. Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuma kabisa, wengine wakitabasamu.

Nikaelewa kwamba ile dawa ya kampuni haikuwa tena habari ya kesho: huenda hawa walikwisha kuihitaji.

Wakili aliwaeleza hatari, kwa mdomo wangu. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Mabati ya paa yalisikika yakigongwa na upepo. Mama Akiru alikuwa bado amesimama.

“Na aliyeanza tangu kiangazi?” akauliza.

Wakili alisema apimwe damu, ijulikane kama dawa bado inamfaa.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye lile neno la mtoto. Kliniki yetu ya Lodwar nayo imepunguza. Kila mtu analalamika. Lakini chupa yangu haijawahi kuisha kabla ya siku yake. Niliwahi kumuuliza Mama kwa nini, akasema muuguzi ananipenda.

Mama naye humeza vidonge hivihivi.

Jana sikuweza kuuliza. Nilimtazama akisuka kikapu, nikaona vidonda mdomoni mwake, ambavyo siku zote husema ni vya joto.

Leo asubuhi nikamuuliza kama ananiongezea vidonge vyake.

“Wewe una shule,” akajibu, akainamia kikapu chake.

Sikwenda shule. Nilimpeleka kliniki, tukakaa kwenye benchi la nje, ambalo kila mtu hapa mjini anajua ni la akina nani. Wasichana wa darasa langu walipita barabarani. Mmoja alinipungia mkono, kisha akaona nimeketi wapi, akaushusha. Nilimweleza muuguzi yote. Alimtoa Mama damu, akasema inapelekwa mbali na majibu yatakawia.

Tulipotoka nilimpigia wakili simu. Kwa ruhusa ya Mama nilimpa ushuhuda wake, kisha nikampa wangu. Akaniuliza kama ningependa jina langu lifichwe. Nikasema hapana, nikamtajia majina yangu yote, polepole, ili ayaandike sawasawa.