Bakuli la Fides

Jumamosi, 3 Juni
Nimeanika kahawa. Goti linauma, nalipuuza. Mjukuu wangu Osmunda, kidato cha tatu, yuko likizo na daftari lake. Mwalimu wa sayansikimu kawaagiza kila mmoja amchunguze mtoto mdogo wa nyumbani: anakula nini, anachezaje. Kamchagua mdogo wake Fides, wa miaka miwili. Kutwa anamfuata kama karani wa mahakama. Basi na mimi nimeanza daftari, namwandika yeye. Niliishia darasa la nne, linatosha kwa umbea.

Jumapili, 4 Juni
Osmunda kaniudhi. Hapa tunakula sengu kama Wamatengo wote: wake za wanangu wanaleta ugali kwangu, wakubwa sinia lao, watoto sinia lao. Leo kakaa pembeni anahesabu matonge. Tumemaliza kula tu, kasema mbele ya watu wote, "Babu, Fides kala matonge manne. Wenzake wanamaliza yeye bado anapuliza." Nikamwambia baba yake alikulia sinia hilohilo, na tazama shingo ile. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kaandika.

Jumanne, 6 Juni
Siku ya kliniki. Mama yao ana kichanga, hivyo Fides nimempeleka mimi na Osmunda. Mwezi uliopita kadi yake ilikaribia mstari mwekundu. Nikaona nisaidie. Betri tatu za redio, mfukoni mwa kigauni cha mitumba. Nesi kamning'iniza mtoto kwenye mizani, betri zikadondoka sakafuni moja moja. Nesi akaziokota. "Mzee, huyu mtoto anatumia betri?"
Akina mama walicheka mpaka vichanga vikaamka.
Bila betri yuko kwenye nyekundu. Asipoongezeka mwezi ujao, atalazwa Mbinga. Njiani Osmunda alitangulia na mtoto mgongoni. Ningependa anitukane.

Jumatano, 7 Juni
Sikuwasha redio. Nimemkumbuka Kolumba, mtoto wangu wa tatu. Aliachishwa ziwa alipozaliwa mdogo wake, akaanza kusinyaa. Tulisema karogwa. Nilimgombeza jirani hadi akahama. Kolumba alikula sinia lile. Hakuna aliyehesabu matonge yake. Tulimzika kabla ya mavuno.
Naogopa. Nimeiandika, basi.

Alhamisi, 8 Juni
Nimemwita Osmunda. Nikamwambia, "Mwalimu, nifundishe." Akadhani namtania. Kasema Fides ale mara tano kwa siku, kidogo kidogo, na bakuli lake mwenyewe. Uji wa ulezi utiwe karanga na usipa wa kusaga. Dagaa hao nimenunua kwa mama anayewaleta kutoka ziwani. Nimetwanga mwenyewe. Wake za wanangu wamechungulia jikoni kwa zamu, kama wanaangalia mbuzi anayepanda baiskeli.

Ijumaa, 9 Juni
Mdogo wangu Zakaria kaja juu. "Kaka, mtoto kula na bakuli lake ni kuvunja sengu. Kesho kila mtu atakula chumbani kwake." Neno lake lina uzito, halafu ndiye anayekula kuliko wote. Nimemkalisha Fides katikati ya miguu yangu, kwenye duara la wanaume, bakuli lake juu ya sinia letu. Nikasema, sengu ni hii, na huyu ni mzee mwenzenu. Atakayegusa bakuli lake nina fimbo. Zakaria kanuna, kala.

Jumapili, 25 Juni
Fides kamfukuza kuku mpaka kwenye kahawa. Nusu ya kahawa chini. Mwezi uliopita alikuwa anakaa tu ukutani. Nimeokota punje moja moja, goti na yote, sikugombeza mtu.

Jumanne, 4 Julai
Kliniki. Nesi kanipekua mimi kwanza, mifuko yote. Halafu kampima Fides. Ametoka kwenye nyekundu. Nesi kachora nukta, kanionyesha. Nukta ndogo hivi. Nikakaa kwenye benchi la wajawazito. Osmunda kalia. Mimi nilikuwa na mafua.

Jumamosi, 8 Julai
Osmunda karudi shule asubuhi na daftari lake. Kanisomea ukurasa mmoja tu: "Mlezi wa mtoto ni babu." Mengine kaficha.
Betri nimezirudisha kwenye redio. Jioni Fides kamaliza bakuli lake, akageuka akachota ugali upande wangu. Zakaria kanitazama. Nimeivuta mboga, nikaisogeza kwa mtoto.