Pumzi ya Kwenda Riyadh

Jumapili, 12 Januari 2025
Hospitalini, Jeddah. Mafua ya virusi yameshuka kifuani. Oksijeni puani. Madam ninayemfanyia kazi za nyumbani alinileta mwenyewe, akaniachia chaja na biskuti — kumbe ana roho! Nesi ni Mkenya, Lorine. Ameniuliza kama nitakubali kujaribiwa dawa mpya. Ati mwili ukipigana na virusi unamwaga kimeng'enya fulani, kikizidi kinageuka kula mapafu yako mwenyewe. Hizi tembe zinakizuia. Lakini wengine wanapewa dawa, wengine tembe tupu, na hata yeye hajui nani kapata ipi. Nimekubali.

Jumatatu, 13 Januari
Kuongea kunachosha. Kila asubuhi Lorine atauliza: pumzi inabana kiasi gani, sifuri hadi kumi? Tisa. Namtaka mume wangu. Basi.

Jumatano, 15 Januari
Saba. Japheth amepiga video akiwa getini, kwenye ghala analolinda kule Al-Sulay, Riyadh. Amekonda! Akasema nisiongee, nimtazame tu. Nikamtazama. Miaka miwili tuko nchi moja na hatujashikana hata mkono — kafili wake, mwajiri anayemshikilia kwa viza, hampi likizo, madam hanipi ruhusa. Nikaibusu simu. Auntie Zipporah, mpishi aliyelazwa kitanda cha pili, akacheka hadi akakohoa. Yeye pia anameza tembe za majaribio.

Alhamisi, 16 Januari
Tano. Habari kubwa! Daktari anasema ambao Jumamosi watakuwa bado wanabanwa, nne kwenda juu, watapelekwa Riyadh kwa picha maalum za mapafu. Wiki mbili huko, na wageni wanaruhusiwa. Mashine inasoma oksijeni, akasema, lakini kubanwa unakujua mwenyewe. Nimemwandikia Japheth. Amejibu kwa herufi kubwa tupu.

Ijumaa, 17 Januari
Nimeenda chooni bila kushika ukuta. Nikaimba kidogo. Halafu nikanyamaza — napona! Nani hulia kwa sababu anapona? Mimi. Lorine alipouliza nikasema nne. Ilikuwa mbili.

Baadaye nikamuuliza, kama kwa utani, mtu akidanganya namba je? Hakucheka.

"Peris, wakiona wenye wanameza hawaponi, watasema hiyo dawa ni bure. Watai-drop. Na kuna watu ingesaidia."

Kisha akaenda kumgeuza Auntie, ambaye tangu jana hawezi kulala chali. Nikajifariji: labda zangu ni tembe tupu, namba yangu haiharibu kitu. Lakini ni tembe tupu gani zinaponya hivi? Japheth ameomba off. Amepewa! Sijui alimwambia kafili nini.

Jumamosi, 18 Januari
Oksijeni wameitoa alfajiri. Navuta pumzi, inashuka hadi chini kabisa, haikwami popote. Tamu. Japheth ametuma picha. Shati jeupe, limepigwa pasi. Ameandika tu: nakungoja, mpenzi. Mungu wangu, namtamani hadi vidole vinauma.

Lorine ameingia na karatasi zake. Ameanza na Auntie Zipporah. Auntie hasemi, ananyoosha vidole vyote vya mkono mmoja, halafu vya mwingine. Lorine anavishika vile vidole. "Pole, Auntie. Tunajaribu."

Sasa anageukia kwangu. Ameniona nimekaa wima, naandika, anatabasamu kwa furaha ya kweli.

Nimekohoa. Sikuwa na kikohozi.