Iliyo Ndogo Kuliko Zote

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechafuka.

Nimefeli hisabati. Swali lilikuwa lile la uthibitisho linalorudi kila mwaka. Mhadhiri wetu tunamwita Bwana Dhahiri, maana akikwama ubaoni husema "ni dhahiri" na kufuta. Anataka uuandike uthibitisho kama ulivyo kwenye kabrasha lake, lile lile ulilosoma wewe. Chini ya ukurasa mmoja mashine ya fotokopi imekula mstari, na darasa zima, watu mia mbili, wanakariri uthibitisho wenye pengo. Una namba zisizo na mwisho, zote kubwa kuliko sifuri, unaambiwa: chukua iliyo ndogo kuliko zote. Ipi? Nusu, robo, thumuni, kila ukishika moja kuna ndogo zaidi! Niliandika mstari uliopotea, kwamba unaweza kubakiza namba chache zenye mwisho, ndipo iliyo ndogo ipatikane, na kwa nini. Nimepewa sifuri na wino mwekundu: "Usibuni." Wenzangu wanakariri hadi mahali pa kuvuta pumzi. Nikiwasikiliza naona kinyaa.

Marudio ni tarehe 3 Juni. Nikifeli nafukuzwa. Wewe ni mwalimu wa hisabati, mwandikie mkuu wa idara kuwa niko sahihi.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu mbishi,

Marahaba. Hatujambo, ila kitinda mimba ana kikohozi. Wewe tangu utotoni ukiambiwa lala unauliza kwa nini.

Ukurasa huo niliukariri nikifua nguo. Nikapata A, nikaajiriwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mstari. Funika kombe mwanaharamu apite. Mama ameshautangazia mtaa mzima kwamba unahitimu. Kariri, andika, ondoka. Barua siandiki, sitaki ugomvi na aliyenifundisha.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo naitoa shingo upande.

Nilidhani unajua, umeamua kunyamaza. Kumbe hujui! Watoto wa watu unawafundisha nini?

Nimekwenda ofisini kwa Bwana Dhahiri. Vikombe vina ukungu, na juu ya rafu kuna mitihani ya miaka mitatu haijafunguliwa. Nikamwonyesha nusu, robo, thumuni. Akasema ni dhahiri. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia nifunge mlango, nikiwa nje.

Usiniandikie mpaka ukae chini na kalamu.

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula? Karibu miezi miwili sasa, na kosa ni langu.

Jana baada ya vipindi nilibaki darasani peke yangu. Nikaandika nusu, robo, thumuni, nikaendelea nikiitafuta iliyo ndogo kuliko zote. Ubao ukajaa, chaki ikaniishia mkononi. Nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi, aibu imenijaa. Miaka kumi watoto wakiniuliza kwa nini, nawajibu, "Andika hivyo hivyo." Nimejichukia.

Usiuandike uongo ule. Barua ya mkuu wa idara imo humu, nimeitia saini. Wakikufukuza, njoo ukae kwangu. Mama niachie mimi.

Kaka yako

3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sijambo, nakula.

Barua yako imefika mchana. Mtihani ulikuwa asubuhi.

Nilikusubiri karibu wiki tisa, nikaona niko peke yangu. Nikaandika kama kabrasha linavyotaka, sikuacha hata nukta. Bwana Dhahiri akasimama nyuma yangu, akasoma, akanipiga bega, "Sasa umekomaa." Nimeoga mara mbili tangu nirudi.

Nilitoka na barua yako hadi mlangoni kwa mkuu wa idara. Nikafikiri atakachofanya: ataomba karatasi yangu ya leo aisome. Nikarudi nayo chumbani.

Matokeo hayajatoka, lakini mwambie Mama nimefaulu.

Mdogo wako