Mke Wangu Ametuchora Ukutani, Kaka Anataka Nipake Udongo

Dada Mandakini mpendwa,

Naomba unishike mkono, maana hapa nilipofika siwezi kurudi nyuma wala kwenda mbele. Sauti yako huwa tunaisikia kwenye redio ya muuza chai hapa kijijini, nje kidogo ya Janakpur, na sisi wanaume hujifanya tunapiga soga tu, lakini kipindi chako kikianza hakuna anayeagiza chai nyingine mpaka kiishe, ndiyo maana nikasema nikuandikie.

Mimi naitwa Bechan, nimejenga maghorofa Uarabuni miaka mingi, na nimerudi mwaka huu baada ya sikukuu ya Chhath kwa sababu mgongo umekataa kubeba. Mke wangu anaitwa Rampari na ni mwanamke mkimya, mkimya kweli, hata zile Ijumaa nilizokuwa nampigia simu nilikuwa naongea mimi tu, yeye ni “hmm” na “hmm,” na mara nyingine nasikia mbuzi wanalia najua simu ameiweka chini anakoroga dengu, basi kwa kuwa niliamini hasikilizi nikawa namwambia yote, hata yale ambayo mwanaume hayapeleki nyumbani kwake, jinsi tunavyolala, jinsi maji ya bomba yanavyochemka yenyewe kwa jua, jinsi mtu mzima anavyojifunika shuka gubigubi ili alie.

Nikiwa huko huko, Rampari akajiunga na kituo cha kina mama kilicho ng'ambo ya bwawa. Ni shirika lisilotafuta faida, linachukua wajane na wanawake fukara wa tabaka zetu hizi za chini, linawafundisha kuchora kwenye karatasi, kufinyanga na kushona, maana kuchora kwenyewe wanakujua, bibi zetu wote walichora kuta kwa unga wa mchele siku za arusi na za Diwali, lakini nani aliwahi kuwaambia kwamba ile ni kazi? Pale wanajifunza pia kuandika majina yao, na kusema. Anayewasimamia, dada mmoja anaitwa Bibha, aliwaambia samaki na tembo na arusi za miungu mnazijua, sasa chora unachokijua wewe peke yako. Rampari akarudi nyumbani akaanza ukuta wetu wa mbele, na hakuniambia kitu.

Siku niliyofika niliteremka kwenye riksho na begi langu, nikainua macho, na begi likanianguka mkononi.

Dada, sijui nikuelezeje. Tulikuwa pale. Sisi wenyewe, wanaume wa kule, tumelala safu kwa safu kama samaki kwenye tenga, kila mmoja na jicho moja wazi, lile jicho kubwa la samaki wanalochora wanawake wa kwetu. Kreni alikuwa ameichora kama korongo mwenye shingo ndefu ameinama kutudonoa. Jua lilikuwa na meno. Na kila mtu aliyelala, kutoka kifuani mwake umetoka mzizi mwembamba kama uzi, unapita chini ya bahari, unapita chini ya mianzi na mashamba ya mpunga, unakuja kutokeza miguuni mwa mwanamke aliyeshika simu. Mke wangu hajawahi kuvuka hata mto Koshi. Kreni hajaiona. Bahari hajaiona. Nilisimama pale, nikasema moyoni, kumbe zile “hmm” zote alikuwa anaweka. Tangu siku hiyo namtazama mke wangu kama mtu anavyoutazama mto uliofurika, siyo kwa chuki, ila huwezi kuupa mgongo. Anapepeta mchele namtazama. Anafunga mbuzi namtazama. Ananiuliza, “Una nini wewe?” Nasema sina kitu.

Wanawake wakaanza kuja. Wenye waume huko, wenye watoto huko. Wanaacha mizigo yao ya majani chini na kusimama mbele ya ukuta. Bibi mmoja haoni vizuri, akaomba aongozwe mkono, akapapasa ile safu, akamuuliza Rampari, “Wangu ni yupi?” Rampari akasema, “Chagua, bibi.” Akachagua mmoja wa ukingoni, na sasa kila akipita anamgusa kichwa.

Sasa shida. Kaka yangu mkubwa, Mahendar, anamwoza binti yake, na wakwe watafikia uani petu. Wewe unajua mila yetu, Rampari hamwonyeshi kaka uso wala hasemi naye, kwa hiyo kaka alikuja akasimama ameutazama ukuta, akaanza kusema na nyati wetu wa maziwa.

“Nyati, nyumba hii imebaki na mtu mwenye akili kweli? Wakwe waje watukute tumelala kama samaki wa kukaushwa? Kijiji kizima kinajua sisi kule tunakula kuku na kulala kwenye baridi ya mashine.”

Rampari, kichwa amekifunika mpaka kidevuni, akasema naye na nyati. “Nyati, mwambie shemeji kama kuna uongo pale anionyeshe, nitaufuta mwenyewe.”

Kaka akausogelea ukuta, kisha akarudi kwa nyati. “Nyati, mwambie uongo sijauona. Ndiyo shida yenyewe.” Kisha akanigeukia mimi. “Bechan, kanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, ukuta upakwe upya kabla ya arusi. Au mke ndiye anayekupangia?”

Nilikanda, dada. Nilikanda vizuri. Rampari akatoka ndani, akaitazama ndoo, akasema, “Ukuta ni wa nyumba yako. Paka,” akaingia ndani. Hakufoka wala hakulia. Sikupaka. Ule udongo ulikauka ndani ya ndoo, nikakanda mwingine, nao unakauka.

Lakini hilo silo linaloninyima pumzi. Pale ukutani, juu pembeni, kuna mtu mmoja hakulala. Yuko hewani, kichwa chini, shingoni ana kitambaa cha mistari myekundu. Ni rafiki yangu Laldev wa kijiji hiki hiki, aliyeanguka kutoka juu ya jengo nikimwona kwa macho yangu. Nyumbani waliambiwa moyo wake ulisimama usingizini. Mimi nilimwambia Rampari peke yake, mara moja, na yeye chini ya Laldev hakuchora ardhi. Amechora bwawa lenye mayungiyungi, na samaki wote wameelekeza midomo juu kumngoja, kana kwamba walipewa habari mapema.

Na mjane wa Laldev, Jibachhi, naye amekuja. Aliketi chini akautazama ukuta kwa muda mrefu, akaniuliza, “Shemeji, yule pale juu ni nani?”

“Ni picha tu.”

“Picha ya nani?”

“Picha tu, shemeji.”

“Kile kitambaa nilimfumia mimi.”

Nikasema vitambaa vya mistari viko vingi. Akatikisa kichwa, akaondoka, na kila asubuhi anarudi, anaketi pale pale, haniulizi tena, na mimi napitia mlango wa nyuma kama mwizi kwenye nyumba yangu.

Na bado dada Bibha anataka Rampari aichore tena yote kwenye karatasi kubwa ipelekwe maonyesho ya Kathmandu, na kaka anasema ikienda huko aibu imekwenda na nchi nzima. Nisaidie. Nipake au nisipake?

Ni mimi mwenye mgongo na moyo wa kuuma,
Bechan


Kaka Bechan,

Kwa mgongo wako, pole sana. Lala juu ya ubao, acha kubeba maji, na Rampari akileta mafuta ya haradali usijifanye huyahitaji.

Kwa hayo mengine sikupi pole, maana umeniuliza swali la ukuta kwa sababu unaogopa swali la mjane. Ukuta ni jambo dogo. Ukiupaka leo, Rampari atachora kesho, na usipoupaka mvua za mwezi wa Asar zitakuja kuula zenyewe. Lakini Jibachhi anakuja mlangoni kwako kila asubuhi kuomba kitu kimoja ambacho hapa duniani ni wewe tu unacho, nawe unamwambia vitambaa viko vingi. Mwanamke aliyefuma kitambaa kwa mkono wake unamfundisha kukitambua? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe, kaka yangu, unaficha kifo chenyewe.

Sikulaumu kwamba ulinyamaza ulipokuwa kule. Najua mtu mwenye kibali chake cha kazi kwenye mfuko wa mwajiri anavyonyamaza. Ila sasa uko nyumbani.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla ya kumjibu kaka yako, nenda kwa Jibachhi mchana kweupe, uende na Rampari. Keti chini. Mwambie ulichokiona, usipunguze, na usiongeze cha kumfariji ambacho hukukiona. Akiuliza, jibu. Akikutukana, tukanwa. Kisha mwambie kwamba ukihitajika kusimama mbele ya ofisi yoyote useme mumewe alifia kazini, utasimama, na dada Bibha wa kituo ajulishwe, maana mashirika kama hayo hayafundishi brashi peke yake, yanajua pia mlango gani unabishwa.

Kaka Mahendar mwambie hivi: hao wakwe nao wana vijana Uarabuni, hakuna nyumba katika wilaya nzima ya Dhanusha isiyo nao. Hawatashangaa kuona mnavyolala. Watashangaa kwamba kuna mtu aliyesema.

Maonyesho ya Kathmandu usiniulize mimi, muulize Rampari, kazi ni yake. Lakini yule aliye hewani hatoki kijijini mpaka mkewe akubali. Hilo nalo Rampari analijua bila kuambiwa, nina hakika.

Na unasema unamwogopa mke wako. Vizuri. Hapa studio, niliposoma habari za wale samaki, fundi mitambo alisahau kuweka wimbo. Mtu akikusikiliza miaka yote hiyo kwenye simu mbovu na mbuzi wakilia, akakuwekea kila neno, huyo humwachi na “sina kitu.” Mwambie ulichoniambia mimi. Mwambie leo, kwa mdomo, ukiwa umemtazama usoni.

Na huo udongo kautumie kusakafia mahali pa kulala mbuzi.

Wako,
Mandakini


Dada Mandakini,

Arusi imepita salama. Baba wa bwana arusi alisimama mbele ya ukuta na sahani ya chiura, ule mchele wa kupondwa, na mtindi mkononi, hakula, akauliza nani kachora. Kaka Mahendar akajibu kabla yangu, “Shemeji yangu,” kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Lakini nilitaka kukueleza habari za Jibachhi. Tulimkuta anachambua mboga. Nikamwambia yote. Hakulia, alisema tu, “Nilikuwa najiuliza. Mtu aliyekuwa anakoroma vile, afe usingizini kimya kimya?” Akauliza asubuhi ile alikula nini. Nikamwambia viazi vya kukaanga na pilipili, na alinipokonya kipande changu. Akacheka kidogo, ndipo machozi yakatoka, na Rampari akamshika.

Tukarudi naye mpaka ukutani. Akatazama juu, akasema, “Umemchora vizuri, mdogo wangu, lakini masikio siyo yake. Laldev alikuwa na masikio makubwa.”

Rampari akaleta kigoda, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akampa. Jibachhi alikuwa hajawahi kushika brashi maishani mwake. Mimi nilikishika kigoda kisitikisike, na Rampari akasogea pembeni asimguse mkono. Jibachhi akapanda, akachora sikio moja, kisha la pili, makubwa kama majani ya yungiyungi, rangi ikimchuruzika mpaka kiwikoni.

Akashuka, akarudi nyuma hatua chache, akamtazama mumewe.

“Sasa anasikia,” akasema.

Bechan