Kibao cha Mlango wa Choo

Kobe, uko? Usinitumie vichekesho leo.

Baba ana saratani ya utumbo mpana. Daktari katuambia asubuhi, mimi na mama tumekaa kando ya baba kama washtakiwa.

Unakumbuka kibao nilichobandika chooni kwetu, "Ofisi ya Mkurugenzi", kwa vile baba alikuwa hatoki humo? Kumbe alikuwa anatokwa na damu. Daktari akamuuliza, "Mbona ulinyamaza, mzee?" Akajibu, "Nilidhani ni bawasiri. Niliona aibu."

Aibu, Kobe. Baba yangu aliona aibu.

Tulipofika nyumbani nikatangulia mbio, nikakibandua. Akanikuta nacho mkononi.

"Kirudishe, mwanangu. Mkurugenzi hajastaafu."

Nimekirudisha. Kimekaa upande. Machozi na gundi havipatani.